Charles Kettering na Stata ya Gari

1. Alfajiri huko Mgeta

Ndugu msomaji, huenda umewahi kupanda lori la mboga kutoka Mgeta kwenda Morogoro. Kama hujalipanda, basi umeliona likipita. Limejaa kabichi, karoti, njegere na viazi. Barabara inateremka milima ya Uluguru kwa kona nyingi mpaka Mlali. Kisha inashika njia ya kwenda mjini.

Sasa fikiri jambo hili. Ni saa kumi na moja alfajiri. Kuna ukungu na baridi. Lori limepakiwa tangu jana jioni. Ni lori kuukuu la dizeli. Dereva anazungusha ufunguo, injini inawaka. Anauachia ufunguo. Lakini sauti ya stata haikomi. Inaendelea kulia na kukwaruza. Dereva anafunga ufunguo kabisa. Bado stata inalia. Baada ya muda mfupi moshi unatoka upande wa injini, na watu wanasikia harufu ya waya unaoungua.

Hiyo ni stata iliyokataa kuacha kazi. Ugonjwa huu huua betri. Huunguza waya. Unaweza hata kuteketeza gari zima pamoja na mzigo. Mkulima aliyelima miezi mitatu anaweza kupoteza kabichi zake kwa dakika chache.

Je, ungekuwa hapo, ungefanya nini? Na kwa nini kifaa kidogo kama hicho kinaungua upesi hivyo? Ili tupate jibu, tusome kwanza maisha ya mtu aliyeitengeneza stata ya umeme ikakubalika katika magari. Jina lake ni Charles Kettering. Katika maisha yake kuna jambo moja linaloeleza ugonjwa huu wote.

2. Kijana mwenye macho mabovu

Charles Franklin Kettering alizaliwa tarehe 29 Agosti 1876. Alizaliwa shambani, karibu na mji mdogo wa Loudonville, jimbo la Ohio, nchini Marekani. Wazazi wake walikuwa wakulima. Alikua akifanya kazi za shamba kama watoto wengine wa kijijini.

Tangu utoto macho yake yalikuwa mabovu. Akisoma kwa muda mrefu, kichwa kilimuuma. Hata hivyo alipenda sana kujua mambo. Kila chombo alichokiona alitaka kujua kinafanyaje kazi.

Alipomaliza shule, alikuwa mwalimu katika shule ndogo ya kijijini. Jioni aliwaita wanafunzi wake na kuwaonyesha mambo ya umeme, sumaku na joto. Hakuwaambia tu kwa maneno. Aliwaonyesha kwa vitendo. Wewe unayejifunza katika darasa la watu wazima unajua tofauti ya mambo hayo mawili. Jambo uliloliona kwa macho hulisahau kwa shida.

Baadaye Kettering aliingia Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio kusomea uhandisi. Macho yakamshinda. Ilimbidi aache masomo. Alifanya kazi na kikundi cha watu waliosimika nguzo na nyaya za simu. Alichimba mashimo, akavuta waya, akajifunza umeme kwa mikono yake. Moyo wake, uliokuwa umevunjika, ulipata nguvu tena. Katika siku hizo alikutana na Olive Williams, ambaye alimwoa mwaka 1905.

Alirudi chuoni. Wenzake walimsaidia kwa kumsomea vitabu kwa sauti, naye akasikiliza na kukumbuka. Alimaliza masomo mwaka 1904, akiwa na umri wa karibu miaka 28. Wanafunzi wengi wa wakati ule walimaliza wakiwa wadogo kuliko yeye. Lakini kuchelewa si kushindwa.

3. Mashine ya dukani

Kettering alipata kazi katika mji wa Dayton, katika kampuni iliyoitwa National Cash Register. Kampuni hii ilitengeneza mashine za kuhesabia fedha madukani. Mwenye duka alibonyeza bei, kisha akazungusha mkono wa mashine ili hesabu iandikwe na droo ya fedha ifunguke.

Kettering alipewa kazi ya kuifanya mashine hiyo iende kwa umeme. Hapo palikuwa na tatizo. Mashine ilihitaji nguvu nyingi. Lakini ndani yake hapakuwa na nafasi ya kuweka mota kubwa.

Kettering alitazama kazi yenyewe. Aliona kwamba mashine haifanyi kazi mfululizo. Inazunguka kwa nukta chache tu, kisha inapumzika mpaka mteja mwingine aje. Basi akachagua mota ndogo, akaipa umeme mwingi kwa muda mfupi. Mota ile ndogo ilitoa nguvu kubwa. Haikuungua, kwa sababu iliacha kabla haijapata moto.

Ndugu msomaji, tulia hapa kidogo. Hili ndilo jambo tulilokuwa tunalitafuta. Mtazame mpakiaji wa mizigo. Anaweza kubeba gunia zito begani, akalipandisha juu ya lori. Kazi hiyo ni ya muda mfupi. Lakini je, anaweza kutembea na gunia hilo kutoka Mgeta mpaka Mlali bila kupumzika? Hawezi. Ataanguka njiani. Mota ndogo ni kama mpakiaji huyo. Ina nguvu kubwa, ila ni kwa muda mfupi.

4. Teke la hendeli

Katika miaka ile magari mengi yaliwashwa kwa hendeli. Hendeli ni chuma kilichopindwa, kinachoingizwa mbele ya injini. Mtu alikizungusha kwa mikono mpaka injini iwake. Hata hapa kwetu, wazee wanakumbuka utingo akipiga hendeli mbele ya lori.

Kazi hiyo ilikuwa nzito na ya hatari. Mara nyingine injini iliwaka vibaya na kurudi nyuma. Hendeli nayo ilirudi kwa nguvu kama teke la punda. Watu walivunjika mikono, vidole na taya. Wazee na watu wasio na nguvu hawakuweza kuwasha gari peke yao.

Mwaka 1908 alikufa mtengenezaji mmoja wa magari aliyeitwa Byron Carter. Inasimuliwa kwamba aliumizwa na hendeli alipokuwa akimsaidia mwanamke ambaye gari lake lilizimika njiani. Henry Leland, mkuu wa kampuni ya magari ya Cadillac, alimfahamu Carter. Inasimuliwa kwamba alihuzunika sana, akataka ipatikane njia ya kuwasha gari bila hendeli.

Watu wengine walikuwa wamejaribu springi. Wengine walijaribu hewa iliyoshindiliwa. Wengine walijaribu mota za umeme. Wataalamu wengi waliona kwamba mota ya kuzungusha injini lazima iwe kubwa mno, na betri zake ziwe nzito mno. Gari lingejaa mota na betri tu.

Kettering alikumbuka mashine ya dukani. Aliona kwamba wataalamu hao walipima mota inayofanya kazi mchana kutwa. Lakini injini ya gari haihitaji kuzungushwa mchana kutwa. Inahitaji kuzungushwa kwa nukta chache tu. Ikiwaka, inajizungusha yenyewe.

Mwaka 1909 yeye na rafiki yake Edward Deeds walikuwa wameanzisha kampuni yao. Iliitwa kwa kifupi Delco. Walianza kazi katika ghala la mazao lililokuwa nyuma ya nyumba ya Deeds. Vijana waliofanya kazi nao walikesha humo wakijaribu, wakikosea, na kujaribu tena. Mwezi Februari 1911 stata yao ilifanya kazi katika gari la Cadillac. Magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yaliuzwa yakiwa na stata ya umeme. Mota hiyo hiyo, baada ya injini kuwaka, ilitengeneza umeme wa kujaza betri na kuwasha taa. Kampuni nyingine zilifuata. Hendeli ikaanza kusahauliwa.

5. Mazuri na mabaya

Kettering hakuishia hapo. Yeye na Deeds walileta pia mtambo mdogo wa umeme kwa ajili ya mashamba yaliyokuwa mbali na miji, ulioanza kuuzwa mwaka 1916. Kwa miaka mingi, mpaka mwaka 1947, aliongoza utafiti wa kampuni kubwa ya General Motors. Yeye na wenzake walifanya kazi ya kuboresha injini za dizeli za treni. Mwaka 1934 treni yenye injini ya namna hiyo ilikwenda kutoka Denver mpaka Chicago, zaidi ya kilometa 1,600, bila kusimama.

Lakini maisha ya mtu yasimuliwe yote. Mwaka 1921, katika maabara aliyoiongoza Kettering, Thomas Midgley aligundua kwamba risasi ikitiwa katika petroli, injini haigongi. Risasi ni madini yenye sumu. Mwaka 1924 wafanyakazi kadhaa walikufa kwa sumu hiyo katika viwanda vya Marekani. Madaktari walionya. Hata hivyo Kettering na wenzake waliendelea kuitetea, na petroli hiyo iliuzwa duniani kote. Moshi wake ulidhuru watu wengi, hasa ubongo wa watoto. Nchi za Afrika kusini ya Sahara ziliacha kuitumia ifikapo mwaka 2006. Nchi ya mwisho duniani iliacha mwaka 2021.

Hivyo mtu aliyewaokoa watu na teke la hendeli alishiriki pia kuleta sumu hewani. Akili ni kitu kizuri, lakini inapaswa kusikiliza onyo.

Kettering alikufa tarehe 25 Novemba 1958, akiwa na umri wa miaka 82. Stata yake imebaki.

6. Turudi kwenye lori letu

Sasa turudi Mgeta. Lori bado linalia alfajiri. Tukumbuke mota ya dukani. Stata ni ndogo kwa sababu kazi yake ni ya muda mfupi. Injini ya dizeli ni ngumu kuzungusha, kwa maana inashindilia hewa sana mpaka hewa yenyewe inakuwa moto na kuwasha mafuta. Kwa hiyo stata ya lori hula umeme mwingi mno. Ndiyo maana waya wake ni mnene. Isipoacha baada ya nukta chache, inapata moto na kuungua.

Sasa tuone jinsi inavyoanza na kuacha. Juu ya stata nyingi za malori kuna kopo dogo la chuma. Mafundi huliita solenoidi. Ukizungusha ufunguo, umeme kidogo hupita katika waya mdogo mpaka kwenye kopo hilo. Ndani ya kopo, koili ya waya hugeuka sumaku. Sumaku hiyo hufanya kazi mbili. Husukuma gia ndogo ya stata ishikane na meno ya gurudumu kubwa la injini, liitwalo flaiwili. Pia hukutanisha vipande vya shaba, na umeme mwingi wa betri huingia katika mota. Ukiachia ufunguo, sumaku inakufa. Springi inarudisha kila kitu mahali pake.

Stata isiyoacha ina maana kwamba mojawapo ya mambo hayo halikurudi. Ni lipi? Fanya kama Kettering. Usikisie. Jaribu jambo moja, utazame, kisha jaribu jingine. Lakini fanya upesi, maana kila nukta stata inazidi kupata moto.

Kwanza, funga ufunguo. Kama lori lina kivuta cha kuzimia injini, kitu cha kutazama ni hiki: sauti ya stata ikikoma na injini ikaendelea kwenda, basi ufunguo ulikwama mahali pa kuwashia. Ugonjwa uko kwenye swichi ya ufunguo.

Pili, kama sauti haikukoma, vuta kivuta uzime injini. Sauti ikifa pamoja na injini, basi umeme ulikuwa umekatika tayari. Ni gia ndogo iliyonasa kwenye flaiwili, na injini ilikuwa ikiizungusha stata. Pengine ni uchafu, pengine meno yameliwa, pengine springi imechoka.

Tatu, kama mafuta yamefungwa na bado stata inazungusha injini polepole, basi umeme haukukatika. Kumbuka kwamba stata haili dizeli. Inakula umeme. Kufunga mafuta hakuizuii. Kata umeme wa betri mara moja. Kama lori lina swichi kuu ya betri, izime. Kama halina, tumia spana. Anza na waya wa betri ulioungwa kwenye chesisi. Spana ikigusa chuma cha gari upande huo, haileti hatari kubwa. Usivute sigara wala kusogeza koroboi, maana betri hutoa hewa inayolipuka. Cheche zinaweza kutokea, kwa hiyo weka uso mbali.

Dereva mwenye busara huonyesha utingo wake mapema swichi hiyo au spana hiyo iko wapi. Moshi ukianza, si wakati wa kutafuta spana.

7. Kutafuta ugonjwa

Umeme ukishakatwa, acha vyombo vipoe. Toa gia. Vuta breki ya mkono. Weka mawe makubwa kwenye magurudumu. Usiache jambo hili, hasa mlimani. Stata ina nguvu ya kulisogeza lori likiwa ndani ya gia, na mtu aliye chini anaweza kukanyagwa. Hakikisha pia kivuta cha kuzimia injini kimevutwa.

Sasa fungua ule waya mdogo unaotoka kwenye ufunguo kuja kwenye solenoidi. Uweke mbali usiguse chuma. Kisha rudisha waya wa betri kwa kuugusisha kidogo tu.

Stata ikizunguka papo hapo, ugonjwa uko ndani ya solenoidi. Vipande vya shaba vimeshikana kwa moto, kama vyuma viwili vilivyochomelewa. Ondoa waya wa betri haraka. Solenoidi itengenezwe na fundi au ibadilishwe.

Stata ikikaa kimya, solenoidi haikushikana. Umeme ulikuwa unaletwa na waya mdogo. Fuata waya huo mpaka kwenye ufunguo. Pengine swichi ya ufunguo imekwama. Pengine waya umesuguliwa na chuma mpaka ganda limetoka, ukagusana na waya mwingine wenye umeme. Kama lori lina relei ya stata, nayo huweza kushikana.

Kuna wanaoigonga stata kwa nyundo mpaka iachie. Mara nyingine inaachia kweli. Lakini ugonjwa haujatoka. Kesho utarudi.

Na jambo hili wengi hawalijui. Kwa nini shaba zilishikana? Mara nyingi kosa la kwanza ni la betri. Betri ikiwa dhaifu, au waya zake zikiwa na kutu na kulegea, sumaku ya solenoidi inakosa nguvu. Shaba zinagusana na kuachana, zinagusana na kuachana, kwa sauti ya kugongagonga. Kila mara cheche inaruka. Mwishowe zinayeyuka na kushikana. Ukinunua solenoidi mpya bila kutengeneza betri na waya zake, umenunua ugonjwa ule ule mara ya pili.

Kwa hiyo safisha ncha za betri na uzikaze. Tazama pia waya unaounga injini na chesisi. Unapowasha, usishike ufunguo zaidi ya nukta 10 hadi 15. Injini isipowaka, ipumzishe stata dakika moja au mbili. Ikikataa mara kadhaa, ugonjwa hauko kwenye stata. Tafuta mafuta, au hewa iliyoingia katika mabomba ya mafuta.

Madereva wengine, stata ikifa, huliacha lori lishuke mlima ili liwake. Magari mengi makubwa yanahitaji injini iwe inakwenda ndipo breki zifanye kazi sawasawa. Lori lililojaa watu na mizigo, linaloshuka Uluguru injini ikiwa imezimika, ni hatari kubwa. Heri kabichi zichelewe.

8. Mwisho

Ndugu msomaji, Kettering alifaulu kwa sababu aliuliza swali dogo: kazi hii inahitaji muda gani? Akaona kwamba kifaa kidogo kinaweza kufanya kazi kubwa, mradi kiache kwa wakati. Siku utakaposikia stata isiyoacha, mkumbuke yeye, kisha kata umeme kwanza. Mengine yatafuata.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Macho mabovu yalimzuia vipi Kettering, na nani walimsaidia?
2. Kwa nini mota ndogo iliweza kuendesha mashine ya dukani?
3. Taja jambo moja jema na moja baya katika kazi ya Kettering.
4. Stata ikikataa kuacha, kwa nini kufunga mafuta peke yake hakutoshi?
5. Ukifungua waya mdogo na stata bado inazunguka, ugonjwa uko wapi?
6. Katika kijiji chenu, ni chombo gani huharibika kwa sababu kinalazimishwa kufanya kazi bila kupumzika? Mnaweza kufanya nini?